Kufuli Kwenye Njia ya Makaburini

Tulimwacha Lorna Tuffnell kwenye mlango wake wa mbele, mkono ungali kwenye kitasa, na Beryl Hobday muuza jibini kamsimamia usoni akipiga kelele soko zima lisikie:

"Umemuua Wilfred! Wewe na kufuli lako!"

Msomaji wangu, mjini Haddlesby watu hawapigi kelele. Ukimkanyaga mtu mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Kwa hiyo Beryl alipopaza sauti siku ya Alhamisi, uwanja umejaa, muuza samaki aliweka kisu chini na waliokuwa wakichagua viazi waligeuka wote kwa pamoja.

"Wilfred gani?" Lorna aliuliza.

Lo! Afadhali asingeuliza.

"Anauliza Wilfred gani! Mzee Aspinall! Jirani yako wa mlango wa kijani! Umekaa naye ukuta kwa ukuta tangu Septemba, hata jina lake hulijui?"

"Amekufa?"

Beryl alisita. Akajifuta mikono kwenye aproni, macho yakamjaa maji.

"Kufa hajafa. Bado. Kaanguka asubuhi kwenye mteremko wa kanisa, pale penye barafu. Nyonga imevunjika. Alilala pale peke yake mpaka mtu wa magazeti alipomkuta, midomo imekuwa ya buluu. Wamemkimbiza hospitali."

"Masikini. Lakini mimi nimeingiaje hapo?"

"Alikuwa anazunguka, bibi wee! Umemfungia njia!"

Hapo ndipo Lorna alipoanza kuelewa.

Kama ulitukosa wiki zilizopita, shika haya machache. Ubavuni mwa nyumba ya Lorna kuna uchochoro. Unaanzia sokoni, unapita katikati ya ua wake, unatokea kwenye makaburi ya kanisa. Mdomoni mwa uchochoro kuna geti la chuma ambalo miaka yote lilikuwa wazi. Mwezi Novemba Lorna alilitia kufuli.

Hakulitia kwa ubaya. Mama yake, Bi Muriel, kumbukumbu zinamtoroka, na siku moja naye alitoroka kupitia geti hilo. Muuza nyama alimkuta mtoni, maji yamefika magotini, viatu kavishika mkononi kama msichana aliyekwenda kuogelea. Tangu siku hiyo Lorna hakulala vizuri mpaka kufuli lilipofungwa.

Kufunga mlango wa jikoni alishajaribu. Bi Muriel aliupiga kwa ngumi mpaka mikono ikavimba. Kujenga ukuta wa kuugawa ua alishaomba. Nyumba ni ya kale, mbao zake nyeusi zimeona wafalme wakija na kuondoka, kwa hiyo halmashauri ya mji ilijibu kwa heshima zote kwamba hata tofali moja haliruhusiwi. Lorna haruhusiwi hata kubadili rangi ya mlango wake mwenyewe. Ila kufuli, kufuli halihitaji kibali.

"Mbona hakuniambia?" Lorna alisema. "Angegonga tu. Angesema, mama, mimi napita hapa. Ningempa ufunguo!"

"Akugongee? Wilfred? Akusumbue nyumbani kwako?" Beryl alishangaa kweli kweli. "Hawezi. Ni mtu wa adabu zake."

"Na wewe je? Kila Alhamisi nanunua jibini kwako. Kila Alhamisi!"

"Nilidhani utaambiwa na mwingine."

"Uliniambia nini wewe? Uliniambia baridi leo imezidi. Wiki iliyopita uliniambia mvua inakuja. Mzee anazunguka mlima na fimbo, nyote mnamwona, na mimi mnanipa habari za mvua!"



"Na wewe ungeuliza," Beryl alisema, lakini kwa sauti ndogo. "Mtu akinunua nyumba ya watu huuliza: jamani, njia hii ni ya nani?"

"Nilimwona mtu anapita mara moja nilipohamia. Nilidhani ni fundi wa bustani. Niliona haya kumuuliza."

Basi hapo wote wawili wakatazama chini. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hao hawakufika Haddlesby. Huku watu huficha mpaka mtu akavunjika nyonga.

Lorna alikuwa karibu kulia pale pale mlangoni, kama sauti isingemwita kutoka jikoni.

"Lorna! Mbona haji? Chai yake inapoa!"

Alifumba macho. Wimbo huo aliujua. Tangu Novemba, kila asubuhi, Bi Muriel huweka vikombe viwili mezani na kuuliza mbona haji. Na kila asubuhi Lorna humshika mikono na kumwambia kwa upole kama madaktari walivyomwelekeza: Mama, baba alishafariki. Clifford hayupo tena. Na kila asubuhi Bi Muriel hulia kilio kile kile, cha mjane aliyepata habari sasa hivi.

Alikwenda jikoni. Beryl akamfuata bila kukaribishwa, jambo ambalo kwa desturi za mji huo ni kubwa kuliko zile kelele.

Bi Muriel alikuwa kakaa kwenye kiti chake kinachotazama ua, sweta kaivaa nje ndani. Vikombe viwili mbele yake, kimoja kimefunikwa kwa kisosi.

"Mama," Lorna alianza, akipiga magoti. "Mama, baba alisha..."

"Alishafariki, ndiyo!" Bi Muriel alimkatiza kwa ukali. "Clifford amekufa. Si wewe unayeniambia kila siku? Unapenda sana habari hiyo! Mimi simsemi Clifford."

Lorna aliinua kichwa.

"Unamsema nani, mama?"

"Huyo wa kofia. Anayepita kwenda kwa mkewe." Bi Muriel alinyoosha kidole kuelekea makaburini. "Hunywa chai bila maziwa. Hukaa hapo ulipopiga magoti wewe. Zamani alikuwa anakuja kila siku, wewe uko juu unazungumza na kompyuta yako. Sasa haji. Nimemkosea nini?"

Nyuma yao Beryl alishika ukingo wa meza.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Tulijua anachelewa kurudi kutoka makaburini. Tulidhani anakaa kaburini kwa mkewe Enid. Kumbe alikuwa anakunywa chai hapa."

Lorna hakumsikia. Alikuwa anahesabu moyoni zile asubuhi zote. Mama yake aliulizia rafiki aliye hai, na yeye, mwana wa kumzaa, alimjibu kwa msiba. Kila siku alimfiwisha upya mjane yule yule. Na rafiki mwenyewe wakati huo huo yuko mlimani anatafuta pa kuweka fimbo.

Alilia. Alilia kwa sauti, uso kwenye mapaja ya mama yake, na Bi Muriel akampapasa nywele bila kujua kosa ni lipi.

"Basi, basi," alisema. "Atakuja."

Lorna aliinuka ghafla.

"Haji yeye. Twende sisi. Mama, vaa koti."

"Utamtoa nje katika barafu hii?" Beryl aliuliza.

"Shika mkono ule, mimi nishike huu."

Hospitali iko mji wa pili. Wodini, mbele ya chumba cha mwisho, alisimama mwanamke mrefu aliyevimba macho. Alikuwa Gillian, binti pekee wa Mzee Aspinall, aliyeendesha gari kutoka kaskazini bila kusimama njiani hata kwa maji.

"Ninyi ni nani?"

"Jirani wa baba yako," Lorna alisema. "Jina langu Lorna Tuffnell. Ile nyumba ya..."

"Ya geti."

"Ndiyo. Ya geti."

Gillian aliuziba mlango kwa mwili wake wote.

"Nyonga si kitu," alisema, akitafuna maneno. "Nyonga wangeiunga. Baridi imeingia kwenye mapafu. Daktari ameniambia nisiende mbali. Unaelewa maana ya kuambiwa usiende mbali? Na wewe umekuja kuona nini? Kama kufuli lilifanya kazi?"

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Huna wa kumwomba. Amelala."

"Sijalala," sauti ikatoka ndani, nyembamba, ya kukwaruza. "Gillian, usiwaweke watu mlangoni. Si vizuri."

Basi wakaingia.

Mzee Wilfred Aspinall alikuwa kitandani, mpira wa hewa puani, na bila ile kofia yake kichwa kilionekana kidogo kama cha mtoto. Alipomwona Lorna alijaribu kukaa wima. Huyo ndiye mtu aliyevunjika nyonga, na bado anahangaika kukaa wima kwa heshima ya mgeni.

"Bi Tuffnell," alisema, "niwie radhi sana."

Lorna alidhani hakusikia vizuri.

"Wewe uniombe radhi mimi?"

"Ua ni wako. Umeununua. Mimi nilikuwa napita tu kwa mazoea, sikuwahi hata kuja kujitambulisha. Nilipoona kufuli nikasema, ni haki yake, labda nimemuudhi. Nilitaka nikuandikie. Kisha nikaona, mtu kahamia juzi, ana mgonjwa, nimuongezee na mimi? Nisamehe."

"Mzee wangu, usiseme hivyo," Lorna alisema, machozi yanamdondoka hadharani. "Sikukufungia wewe. Nilimfungia mama. Sikujua. Naapa sikujua."

"Najua hukujua," alisema mzee. "Ndiyo maana sikusema."

Mantiki hiyo, msomaji, usiniulize mimi. Nimekaa na watu hawa miaka mingi na bado hunishinda. Gillian, ambaye ni mmoja wao damu na nyama, aliligeukia dirisha akijifuta macho.

Bi Muriel hakuwa na habari na radhi za mtu. Alivuta kiti, akakaa, akauchukua mkono wa mzee na kuuweka mapajani mwake kama pochi.

"Umechelewa," alimkemea. "Chai imepoa."

"Nilizunguka, Muriel," Mzee Aspinall alisema. "Njia ilikuwa ndefu kidogo."

"Ungepita kwetu."

"Ningepita kwenu."

Hakumtaja Lorna. Hakutaja kufuli wala barafu. Alitabasamu tu, na Lorna akatamani afadhali angetukanwa.

Wakakaa hivyo, wazee wawili, mkono ndani ya mkono. Bi Muriel alimweleza habari za shomoro wanaokula makombo uani, na habari za shule aliyosoma utotoni, na habari za shomoro tena. Mzee aliitikia kila kitu kama kinachosemwa mara ya kwanza. Lorna hakuwa amemwona mama yake akiongea hivyo tangu wahame London.

Kabla hawajaondoka, Mzee Aspinall alimwita binti yake kwa kidole. Gillian akainama. Akanong'onezwa neno. Akamtazama Lorna kwa jicho la haraka, kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Kasema nini?" Lorna aliuliza walipofika koridoni.

"Si wakati wake," Gillian alijibu.

Lorna alirudi Haddlesby na nia moja. Alikwenda moja kwa moja getini, jioni hiyo hiyo, vidole vinakufa ganzi, akalitoa kufuli. Atampa mzee ufunguo wake. Atamwekea kiti chenye mto. Yeye mwenyewe atahamisha kompyuta jikoni, amwangalie mama kwa jicho moja na kazi kwa jingine. Mzee akipona tu, chai itarudi. Hilo tu ndilo alilokuwa akiliomba.

Jumamosi, Bi Muriel akiwa anakula mkate wake wa siagi, mlango ukagongwa.

Alikuwa Gillian. Uso wake ulitosha. 

"Lini?" Lorna aliuliza.

"Alfajiri. Alilala tu. Hakutaka kumsumbua muuguzi."

 Nyumba ambayo Lorna aliitolea kila alichokuwa nacho, boriti zake nyeusi na sakafu zake zinazoyumba, aliiona siku hiyo kama mzigo wa mawe. Kilichomuuma zaidi kilikuwa jikoni, kinatafuna mkate. Maana kesho asubuhi ataulizwa tena mbona haji, na safari hii jibu alilozoea kulitoa limekuwa la kweli.

"Nimekuja kwa lile neno la baba," Gillian alisema. "Sasa ndio wakati wake."

"Sema."

"Ameomba azikwe na mama yangu. Hilo lilijulikana. Lakini ameomba asipitishwe barabara ya mlimani. Apitishwe kwako. Uchochoroni, uani, mpaka kaburini. Jeneza libebwe mabegani."

"Ndiyo," Lorna alisema bila kufikiri. "Ndiyo, bila shaka. Apite. Hilo ni dogo sana kwa..."

"Ngoja kwanza!"

Alikuwa Beryl, anahema, kavuka uwanja mbio. Haddlesby habari hazina miguu lakini hukimbia.

"Ngoja kwanza, Lorna. Safari hii nakwambia, tena nakwambia usoni, hata ukinichukia. Sinyamazi mara ya pili." Alivuta pumzi. "Hapa kwetu, njia iliyopita jeneza haifungwi tena. Milele. Ikishapita maiti, imekuwa njia ya watu wote. Geti litang'olewa."

"Hiyo ni sheria?"

"Wanasheria wanaicheka. Lakini wacheke wasicheke, hakuna aliyewahi kuifunga njia ya jeneza mjini hapa akaishi na watu. Ukiweka kufuli Jumatatu, Jumanne utalikuta limekatwa. Hakuna atakayekuuzia hata yai."

Lorna alimtazama Gillian.

"Ulijua?"

"Nilijua," Gillian alisema, na uso wake haukuwa na ushindi wowote. "Baba pia alijua. Ndiyo maana alisema nikuombe, nisikulazimishe. Alisema ukikataa nikushukuru na niondoke. Mtu wa kampuni ya mazishi anataka jibu leo."



Kufuli alilolitoa kwa moyo mweupe angeweza kulirudisha siku yoyote. Hili halirudi. Geti likifunguka moja kwa moja, Bi Muriel atatoka. Si leo, basi kesho, siku Lorna atakapokuwa chooni au amesinzia. Mto uko pale pale. Itabidi apelekwe nyumba ya wazee, kwa watu baki, kitanda cha namba. Lorna aliuza kila alichokuwa nacho London ili siku hiyo isifike. Nyumba hii yote aliinunua kwa ajili hiyo.

Na akikataa, mzee aliyezungushwa mlima akiwa hai atazungushwa mlima huo huo akiwa maiti.

Aligeuka kwenda jikoni, wenzake wawili nyuma yake. Bi Muriel alikuwa amemaliza mkate. Mezani kulikuwa na vikombe viwili.

Lorna alipiga magoti. Akagundua kwamba katika miezi yote hiyo alikuwa amewauliza madaktari, ameiuliza halmashauri, amewauliza mafundi. Mama mwenyewe hakuwahi kumuuliza.

"Mama," alisema. "Yule rafiki yako wa chai. Amefariki leo alfajiri. Ni kweli, mama. Safari hii ni yeye."

Bi Muriel hakulia. Alikivuta kwake kile kikombe cha pili, akainuka nacho, akamimina chai yake ndani ya sinki polepole mpaka tone la mwisho.

"Anataka kupita hapa kwenda kwa mkewe," Lorna aliendelea. "Lakini akipita, siwezi kulifunga geti tena. Niambie ukweli. Nikiliacha wazi, utatoka?"

Beryl alimvuta bega. "Usimuulize hivyo, masikini, atajuaje?"

Lakini Bi Muriel alikuwa amemgeukia binti yake, na macho yake yalikuwa yale ya zamani, macho ya mama aliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

"Nitatoka," alisema waziwazi. "Mwanangu, sitakudanganya. Ukiliacha wazi nitatoka, na sijui kama nitajua njia ya kurudi."

Akamshika kidevu.

"Lifungue."